SOMO LA TISA: SURUA NYUMBANI, BATOBATO SHAMBANI

Natumaini kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa, na wale walio katika vikundi wamemchagua mwandishi wao wa leo. Katika somo la nane tulizungumza juu ya bakteria, na jinsi wanavyoleta kipindupindu na kifua kikuu. Leo tutazungumza juu ya vitu vidogo kuliko bakteria, navyo huitwa virusi.

Kabla hatujaanza, nina ombi moja. Kama kikundi chenu kiko karibu na shamba la muhogo, mmoja wenu na alete muhogo uliochimbwa leo, pamoja na kisu, aviweke mezani. Msiukate bado. Tutaukata pamoja wakati wake utakapofika.

Sasa tutazame nyumba mbili za jirani.

Katika nyumba ya kwanza yuko mtoto wa miaka miwili. Alianza na homa, kikohozi na mafua. Macho yakawa mekundu, yakatoa machozi. Baada ya siku chache vipele vikatokea usoni na nyuma ya masikio, vikashuka kifuani, vikaenea mwili mzima. Mama yake hahitaji kuambiwa na mtu. Hii ni surua.

Katika nyumba ya pili watu wote ni wazima, lakini shamba la muhogo lililo nyuma ya nyumba halina afya. Majani yana mabaka ya manjano na ya kijani. Mengine yamejikunja, yamekuwa madogo na membamba, hata mtu huweza kudhani ni mmea mwingine. Mashina hayarefuki. Mwenye shamba asema udongo umechoka. Mkewe asema ni jua. Babu aliyekaa barazani asema kuna mtu mwenye kijicho amepita hapo. Lakini huo ni ugonjwa, nao huitwa batobato.

Wasikilizaji, nyumba hizi mbili zimeingiliwa na adui wa namna moja. Sisemi adui yule yule, maana virusi vya surua haviwezi kuugusa muhogo, wala virusi vya batobato haviwezi kumdhuru mtoto. Nasema adui wa namna moja. Tukizijua desturi zake tutaelewa kwa nini mtoto huchanjwa, na kwa nini muhogo hauwezi kuchanjwa. Tutaelewa pia kwa nini shamba hupotea kwa sababu ya zawadi iliyotolewa kwa moyo mwema.

VIRUSI NI NINI?

Huenda mtadhani elimu ya virusi ilianza hospitalini. Sivyo. Ilianza katika jani la tumbaku.

Mwaka wa 1892 mtaalamu mmoja wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alikuwa akichunguza ugonjwa unaotia mabaka majani ya tumbaku. Alichukua majani yaliyougua, akayaponda, akapata utomvu. Kisha akaupitisha utomvu ule katika chujio la kauri lenye matundu madogo mno. Chujio lile lilijulikana kuwa bakteria hawapiti. Utomvu ukatoka safi. Lakini alipoutia katika mimea mizima, ikaugua vile vile. Mwaka wa 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia jaribio hilo, akaona kwamba kitu kile kilichopita katika chujio kilikuwa kikiongezeka ndani ya mmea ulio hai. Sumu ya kawaida haiongezeki. Ukiigawanya hupungua nguvu. Hii iliongezeka. Beijerinck akakiita virusi, neno la Kilatini lenye maana ya sumu.

Muda si mrefu, mwaka wa 1901, madaktari wa Marekani waliokuwa Cuba walionyesha kwamba homa ya manjano ya watu nayo inaletwa na kitu kinachopita katika chujio. Hivyo jani la tumbaku likatangulia kutufundisha, na mwili wa mtu ukafuata.

Je, ni vidogo kiasi gani? Virusi vya tumbaku vina umbo la kijiti. Ukivipanga vijiti hivyo kichwa kwa mkia, utahitaji zaidi ya 3,000 ili upate urefu wa milimita moja. Hadubini ya kawaida haivionyeshi. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1930, ilipotengenezwa hadubini ya elektroni, ndipo watu wakaviona kwa mara ya kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye siri yenyewe. Bakteria ni kiumbe kamili. Hula, hukua, hujigawa mwenyewe. Virusi havili, havipumui, wala haviwezi kuzaana peke yao. Tuseme yuko fundi cherehani kibarazani kwake. Ana cherehani, ana uzi, ana kitambaa, ana daftari la vipimo vya wateja. Akaja mtu mwenye mikono mitupu. Hana sindano, hana hata kipande cha uzi. Alicho nacho ni karatasi moja tu ya vipimo. Anaichomeka karatasi ile katika daftari la fundi. Fundi, bila kujua, anaacha kazi za wateja wake na kuanza kushona nguo za yule mgeni, moja baada ya moja, mpaka kitambaa kinakwisha na kibanda kinajaa. Kisha zile nguo zote zinatoka, na kila moja imebeba karatasi ile ile mfukoni, zinakwenda kwa mafundi wengine.

Mwili wa mtu, kadhalika na mwili wa mmea, umejengwa kwa vyumba vidogo visivyohesabika viitwavyo seli. Kila seli ni kama kibanda cha fundi. Kirusi ni ile karatasi ya vipimo iliyofungwa ndani ya ganda. Kikiingia katika seli, seli huacha kazi yake na kutengeneza virusi.

Kwa hiyo dawa kama penisilini, ambayo huwadhuru bakteria, haivifanyi virusi kitu. Penisilini huharibu ujenzi wa bakteria wenyewe. Virusi havina ujenzi wa namna hiyo. Ziko dawa zinazozuia virusi vya aina fulani, kama zile za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo zimewarudishia wengi afya ya kulima na kulea watoto wao. Lakini hakuna dawa moja ya virusi vyote. Basi mzazi asiseme, “Mtoto ana surua, nitanunua vidonge vya antibiotiki dukani.” Mganga huweza kutoa antibiotiki ikiwa bakteria wameingia mapafuni au masikioni baada ya surua. Kuviondoa virusi vyenyewe ni kazi ya mwili.

VIRUSI KATIKA MWILI WA MTU

Virusi vya surua huingia kwa pumzi. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, virusi huweza kubaki hewani hata muda wa saa mbili. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza watu 12 hata 18. Ni vigumu kupata ugonjwa mwingine unaoenea upesi kuushinda huu.

Mwili nao haukai kimya. Katika damu wamo askari. Wanapokutana na virusi kwa mara ya kwanza hawavijui, kwa hiyo huchukua siku kadhaa kujifunza sura yao na kutengeneza silaha inayofaa. Siku hizo ndizo za hatari. Lakini wakishinda, huikumbuka ile sura. Ndiyo sababu wazee husema mtu haugui surua mara mbili.

Lakini wengine husema, “Basi mtoto na augue, apate kinga yake.” Maneno haya yamezika watoto wengi. Surua huleta ugonjwa wa mapafu, kuhara kukali, na upofu hasa kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A. Tena siku hizi wataalamu wamegundua kwamba surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya wale askari. Mtoto aliyepona surua huweza kusahau kinga aliyokuwa nayo juu ya maradhi mengine, akawa mwepesi wa kuugua kwa miezi mingi.

Chanjo ni somo wanalopewa askari kabla ya vita. Virusi vilivyodhoofishwa huingizwa mwilini. Haviwezi kuleta surua yenyewe kwa mtoto mzima wa afya, lakini askari huiona sura yao na kuikumbuka. Katika Tanzania na Kenya mtoto huchanjwa surua mara ya kwanza akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Akina mama, msiache ile sindano ya pili. Wako watoto ambao mwili wao haukushika somo la kwanza, na la pili ndilo linalowaokoa. Ili surua ikose njia kijijini, yapasa watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa.

WACHUKUZI

Si virusi vyote vinavyosafiri kwa pumzi. Vingine huhitaji mchukuzi.

Mwaka wa 1952 ulizuka ugonjwa katika nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Watu walipata homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo, hata wengine wakatembea wamejikunja. Ugonjwa huo ukaitwa chikungunya, jina lililotoka katika lugha ya Kimakonde, lenye maana ya kukunja mwili. Leo neno hilo la Newala hutumiwa na madaktari wa dunia nzima. Mchukuzi wa virusi vyake ni mbu, tena mbu anayeuma mchana na kuzaa katika maji ya mitungi, mapipa na makopo yaliyo nyumbani. Anayefunika mtungi wake amemkatia mbu huyo njia.

Na mmea je? Seli ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu. Virusi haviwezi kuutoboa ukuta huo. Lazima aje mtu au mdudu awafungulie mlango. Kwa muhogo, mdudu huyo ni inzi mweupe. Nendeni shambani, mlitikise jani la muhogo taratibu. Mtaona vidudu vyeupe vinaruka kutoka chini ya jani kama vumbi la unga. Kila kimoja hakizidi sana milimita moja. Huchoma jani kwa mdomo wake kama sindano ili kunyonya utomvu. Akinyonya mmea mgonjwa kisha akahamia ulio mzima, amekwisha kuchukua mzigo wa virusi na kuutua.

MUHOGO NA MARADHI YAKE MAWILI

Muhogo ni mgeni katika Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini na kuletwa na Wareno. Huko ulikotoka, batobato hii ya kwetu haipo. Maana yake ni kwamba muhogo ulipofika, ulikutana na virusi vilivyokuwa hapa katika mimea mingine, nao haukuwa umezoeana navyo. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Warburg mwaka wa 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu ni mwenye hila. Huitwa michirizi ya kahawia. H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, aliueleza mwaka wa 1936. Batobato hujitangaza, kila apitaye njiani huiona katika majani. Michirizi ya kahawia hujificha. Majani ya chini huweza kuwa na umanjano kidogo kando ya mishipa yake, na shina changa huweza kuwa na mistari ya kahawia, lakini mara nyingi shamba huonekana zuri na la kijani. Mwenye shamba hujivuna nalo.

Sasa, wasikilizaji, chukueni kisu. Ukateni ule muhogo vipande, kama mnavyokata kwa kupika. Tazameni nyama yake. Ikiwa nyeupe safi, mshukuruni Mungu. Ikiwa ina madoa makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa, hiyo ndiyo michirizi ya kahawia. Ugonjwa ukizidi, muhogo mzima haufai hata kwa makopa.

Fikirini maana ya jambo hili. Watu wetu huupenda muhogo kwa sababu ni ghala iliyo ardhini. Mahindi yakikauka, mtu husema, “Si kitu, tunao muhogo.” Huuacha mwaka mzima au zaidi, akiuchimba kidogo kidogo. Na siku ya njaa anapokwenda kuifungua ghala yake, anaikuta imeoza. Tena kadiri anavyouacha muda mrefu ndivyo uharibifu unavyozidi.

Mtaniuliza: kwa nini tusiuchanje muhogo? Jibu ni kwamba mmea hauna damu wala askari wanaotembea na kukumbuka kama wetu. Mmea una namna zake za kujitetea, na aina nyingine za muhogo hujitetea vizuri kuliko nyingine. Lakini hatuwezi kuupiga sindano ukakumbuka. Wala dawa ya kupulizia haiponyi muhogo uliokwisha kuingiwa na virusi.

Na liko jambo jingine la kuzingatia. Mama aliyeugua surua utotoni hazai mtoto mwenye surua. Mtoto ni mtu mpya. Lakini muhogo hatuupandi kwa mbegu za tunda. Tunakata shina, tunapanda pingili. Pingili si mtoto wa muhogo. Ni muhogo ule ule. Kama shina lilikuwa na virusi, pingili unayo. Ukipanda pingili mia moja kutoka shamba gonjwa, huenda umepanda ugonjwa mara mia moja.

ZAWADI YA SHANGAZI

Tuchukue mfano. Kijana ameoa, amepata ekari moja, anakwenda kumwamkia shangazi yake kijiji cha mbali. Asubuhi ya kurudi, shangazi amekwisha kumfungia mzigo wa mashina ya muhogo.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Chukua mbegu hizi. Muhogo huu ni mtamu, hata mbichi unaliwa. Alinipa marehemu mama yangu.”

“Ahsante shangazi. Lakini Bwana Shamba wetu ametuambia tusilete mbegu kutoka mbali bila kukaguliwa.”

“Je, mbegu yangu ina uchafu?”

Hapo kijana ananyamaza. Atajibu nini? Kukataa zawadi ya shangazi ni kumvunjia heshima. Kuipokea na kuipanda huenda ni kuleta ugonjwa katika kijiji kizima. Inzi mweupe akiwa na virusi vya michirizi ya kahawia havichukui mbali, maana havikai naye muda mrefu. Anayevivusha kutoka wilaya hata wilaya ni sisi wenyewe, katika basi, juu ya baiskeli, kwa upendo.

Mimi naona kijana angeweza kusema hivi: “Shangazi, twende shambani nikusaidie kuchimba chakula cha leo.” Wachimbe mashina matano, wakate mihogo, watazame pamoja. Ikionekana madoa ya kahawia, shangazi mwenyewe ataona kwa macho yake kwamba hakutukanwa, bali ameokolewa. Wasipoona kitu, bado asiseme ni salama, kwa sababu ugonjwa mchanga hauonekani. Ampelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba shina moja akaonyeshwe kabla ya kupanda, na mengine ayaache kwa shangazi. Na kama anataka kumshukuru, siku nyingine amletee shangazi pingili safi za aina inayostahimili. Hapo zawadi imerudi kwa zawadi, na heshima imebaki mahali pake.

YALIYOTOKEA UGANDA, NA KAZI YA AMANI

Msidhani nayakuza mambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilizuka Uganda batobato kali kuliko ile ya zamani. Wataalamu walipoichunguza waliona virusi vya aina mbili vilikutana ndani ya mmea mmoja, karatasi zao za vipimo zikachanganyika, ikatoka aina mpya. Ugonjwa ukasonga kusini mwaka hata mwaka. Wilaya nyingine wakulima waliacha kabisa kulima muhogo, na njaa ikaingia. Katika miaka ya 1990 ukafika magharibi ya Kenya, na Kagera katika Tanzania.

Wokovu ulitoka mahali ambapo wengi wamepasahau. Kuanzia miaka ya 1930, Storey na wenzake kule Amani walikuwa wakichanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, ili wapate muhogo unaostahimili maradhi. Kazi ile ilichukua miaka zaidi ya ishirini. Baadaye mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria, na wataalamu wa Ibadan wakaziendeleza. Uganda ilipopatwa na msiba, baadhi ya aina zilizopandwa kuokoa watu zilikuwa na asili yake katika miche ile ya Usambara.

Lakini vita haikwisha. Aina zile zilistahimili batobato, si michirizi ya kahawia. Tangu mwaka wa 2004 michirizi ilionekana Uganda, katika nchi za juu ambako zamani haikuwa ikienea, na mihogo iliyonusurika batobato ikaanza kuoza ardhini. Ndiyo maana nawaambia, hakuna aina ya muhogo inayomruhusu mkulima kulala.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Kwa shamba, kumbukeni mambo manne.

La kwanza, pandeni pingili kutoka mashamba yaliyokaguliwa, au aina zinazostahimili ambazo Bwana Shamba anazijua kwa sehemu yenu. Kwa watu wa pwani ya Tanzania, aina iitwayo Kiroba imejulikana kwa kustahimili michirizi.

La pili, kateni mbegu siku ya kuvuna, si baadaye. Kila shina chimbeni mihogo yake na kuikata kwanza. Shina lenye muhogo wenye madoa lisitoe mbegu hata moja.

La tatu, katika miezi mitatu ya kwanza piteni shambani kila juma. Mche wenye mabaka ung'oeni wote na kuuondoa shambani. Najua inauma kung'oa mche uliopanda kwa jasho. Lakini mche huo hautakupa chakula cha maana, na inzi mweupe ataugeuza kuwa kisima cha ugonjwa.

La nne, fanyeni pamoja. Mtu mmoja aking'oa na jirani yake akaacha, inzi hajui mpaka. Ni kama chanjo: mtoto wako hulindwa pia na mtoto wa jirani aliyechanjwa.

Mtu mmoja huenda akauliza, “Je, tukila muhogo wa shamba lenye batobato, au kisamvu chake, tutaugua?” La, hasha. Virusi vya muhogo haviwezi kufanya kazi katika seli za mtu. Kateni sehemu zenye madoa, mtumie iliyobaki. Muhogo mchungu una sumu yake ya asili, na lazima utayarishwe kwa kuloweka na kukausha kama kawaida. Hilo ni jambo jingine, halitoki kwa virusi.

Wasikilizaji, sitaki tuagane kwa huzuni. Kumbukeni sotoka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa ule wa virusi uliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi usio na kifani. Wamasai walipoteza mifugo yao, na njaa ikafuata. Karibu na mwaka wa 1960, kule Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka, na mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Na kabla yake ndui. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwaka wa 1977. Alipona. Mwaka wa 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui haipo tena. Maradhi hayo mawili yalikufa kwa sababu watu walikwenda nyumba kwa nyumba na boma kwa boma.

Surua inaweza kuzuiwa kwa njia hiyo hiyo. Batobato na michirizi havina chanjo, lakini vina shoka lake: macho yenu, kisu chenu, na ujasiri wa kung'oa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ule muhogo mlioukata, mmeona nini ndani yake? Mbegu yake ilitoka wapi?

2. Kwa nini penisilini haiponyi surua?

3. Eleza kwa maneno yako tofauti ya mtoto na pingili.

4. Mngemjibu nini shangazi? Jaribuni, mmoja awe shangazi na mwingine awe kijana.

5. Ni watoto wangapi katika kikundi chenu waliofikia miezi 18 na hawajapata sindano ya pili? Nani atafuatana na mama zao kwenda zahanati juma hili?

Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Katika somo la kumi tutazungumza juu ya maji ya kunywa na njia za kuyasafisha. Mpaka hapo, kwaherini, na kazi njema.